Dandy-Walker: maji ya kichwani, kasoro ya kisogo, na upasuaji wake

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, baba wa mtoto wa miezi minne, alinijia baada ya swala ya alasiri na karatasi ya hospitali aliyoikunja mara nne. Yalikuwa majibu ya skani ya kichwa cha binti yake. Mistari kumi na moja ya Kizungu cha kidaktari, na mwisho wake jina limepigiwa mstari: Dandy-Walker. Daktari alimweleza kwa dakika tano hivi, foleni ikisubiri nje, na alilolishika yeye ni moja tu, kwamba mtoto ana maji kichwani na apelekwe kupasuliwa. Nyumbani mama yake ameshasema huyu ni mtoto aliyebadilishwa na majini. Baba mkwe asema wangoje, kichwa kikubwa ni akili. Na kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, mtu ambaye hakuombwa na yeyote alikuwa ashatia picha ya mtoto, uso wazi, na nambari ya M-Pesa chini yake.

Mimi si daktari. Nina diploma ya afya ya jamii na mazoea ya kusomea watu karatasi zao, basi. Lakini jambo hili lina saa yake, na kila wiki inayopita watu wakibishana barazani ni wiki ambayo ubongo wa mtoto unazidi kubanwa. Kwa hivyo naandika hapa yale niliyomweleza kijana yule, na zaidi kidogo, kwani najua hayuko peke yake.

Kwanza maji yenyewe. Kila mmoja wetu ana maji kichwani: wewe unayesoma, mimi ninayeandika, sote. Ni maji maangavu kama ya kisima kizuri, na kazi yake ni kuubeba ubongo usigonge mfupa na kuuondolea taka. Mtu mzima anayo kama mililita 150 kwa wakati mmoja, sawa na vikombe viwili vitatu vidogo vya kahawa chungu. Lakini kwa siku moja mwili hutengeneza karibu nusu lita. Yaani maji yale hayatuami. Yanatengenezwa, yanazunguka, yanafyonzwa na damu, yanakuja mengine, mara tatu au zaidi kutoka alfajiri hadi alfajiri.

Ndani ya ubongo mna vyumba vinne. Viwili vikubwa, kimoja kulia na kimoja kushoto. Cha tatu kiko katikati. Cha nne kiko chini kabisa, upande wa kisogo. Ndani ya vyumba hivyo mna vinyama laini vilivyojaa mishipa ya damu, vimekaa kama mwani, na hivyo ndivyo hasa vinavyotoa maji. Maji hushuka chumba hadi chumba, hupita kijifereji chembamba mno kilicho kati ya chumba cha tatu na cha nne, kisha hutoka nje ya ubongo kwa vitundu vitatu vya chumba hicho cha mwisho. Yakishatoka huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, halafu huingia kwenye damu.

Chukua mfano wa birika la msikiti wa kale. Mfereji waingiza maji huku, tundu latoa kule. Ukiziba tundu na mfereji usiufunge, birika halina ila kujaa. Kwa mtu mzima mfupa wa kichwa umeshikana, maji hayana pa kwenda, na mtu huanguka upesi. Kwa mtoto mchanga mifupa haijaungana na utosi bado ni laini, basi kichwa chenyewe hutanuka. Ndiyo maana mtoto aweza kukaa na maji yaliyozidi kwa miezi na bado ananyonya na kucheka, na watu wakasema hana neno.

Sasa Dandy-Walker. Si jina la mdudu wala la dawa, ni majina ya madaktari wawili wa Marekani. Ni kasoro ya kuzaliwa nayo, na mahali pake ni kisogoni. Huko nyuma, chini ya ubongo mkubwa, kuna ubongo mdogo ambao kazi yake kubwa ni mizani: kukaa, kusimama, kutembea bila kuyumba, kupeleka kijiko mdomoni kisiende shavuni. Ubongo huu mdogo una pande mbili, na katikati kuna kipande kinachoziunganisha ambacho madaktari hukiita vemisi. Ni neno la Kilatini, maana yake mnyoo, kwa ile mikunjo yake. Kwa mtoto wa Dandy-Walker kipande hiki hakikukamilika au hakikuumbika kabisa, na kama kipo kimesukumwa juu. Chumba cha nne, ambacho kipande hicho kingekifunika, kimefura kikawa kifuko kikubwa cha maji kilichojaza kisogo. Na nyumba ya mfupa ya kisogoni nayo imetanuka kukipisha.

Mambo hayo matatu yakionekana pamoja pichani ndipo jina huandikwa. Nasema hivi kwa sababu si kila maji ya kisogoni ni Dandy-Walker. Wako watoto ambao wana nafasi kubwa ya maji huko nyuma na ubongo wao mdogo ni mzima, na wengi wa hao hawahitaji kisu maishani. Picha ya MRI hutenganisha haya vizuri kuliko CT. Kwa mtoto ambaye utosi bado u wazi, hata ultrasaundi ya kawaida ikipitishwa utosini huonyesha vyumba vilivyofura, bila mionzi na bila dawa ya usingizi.

Ni kasoro adimu. Hesabu inayotajwa zaidi ni mtoto mmoja kati ya 25,000 hadi 35,000 wanaozaliwa. Mkunga aweza kuzalisha maisha yake yote asikutane naye. Lakini maji ya kichwani kwa jumla si adimu hata kidogo huku kwetu, na sababu zake ni nyingi. Utafiti uliofanywa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba kiasi cha watoto sita katika kila kumi waliopelekwa kutibiwa maji ya kichwani waliyapata baada ya maambukizi ya utotoni, yale ya homa kali na degedege katika wiki za mwanzo za maisha. Wengine ni watoto wa mgongo wazi. Dandy-Walker ni kundi dogo ndani ya umma mkubwa, na bahati yake ni kwamba limefaidika na yale madaktari waliyojifunza kwa wengine.

Habari za watoto hawa ni za kale. Al-Zahrawi, tabibu mkuu wa upasuaji wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika katika kitabu chake cha Tasrif juu ya watoto ambao kichwa chao hujaa maji na kukua kila siku, na akaeleza namna ya kufungua kichwa na kuyatoa. Aliwaona wanaokufa. Hakuwa na njia ya kujua kwamba maji hurudi kwa sababu mfereji haujafungwa. Karne tisa baadaye, mwaka 1914, Walter Dandy na Kenneth Blackfan wa Johns Hopkins huko Baltimore walieleza mtoto ambaye chumba chake cha nne kilikuwa kimefura vile. Mwaka 1942 Taggart na Walker wakaeleza wengine watatu, wakidhani kosa lote ni kuziba kwa vile vitundu vya kutokea maji. Jina lenyewe lilitolewa na Clemens Benda mwaka 1954, na alilitoa hali akipinga maelezo yao, kwa kuwa alikuta watoto wenye kasoro hii ambao vitundu vyao vilikuwa wazi. Siku hizi inaeleweka kwamba tatizo ni la uumbaji wa kisogo tangu wiki za mwanzo za mimba, na maji kuzidi ni matokeo yake, tena si kwa kila mtoto.

Jambo la kushika hapo ni kwamba wengi huzaliwa na kichwa cha kawaida. Maji huanza kuzidi ndani ya miezi ya mwanzo, hasa mitatu ya kwanza. Mtoto ameshatoka hospitali, arubaini imeshafanywa, nywele zimeshanyolewa, na kila mtu amemwona mzima.

Basi kina mama na kina bibi, tafuteni futi ya fundi cherehani. Izungushwe juu ya nyusi mpaka pale kisogo kinapotokeza zaidi. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na kichwa cha sentimita kama 35. Miezi mitatu ya mwanzo huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, mitatu inayofuata kama 1, kisha nusu. Kipimo cha siku moja si kitu sana, kwani kuna familia za vichwa vikubwa na wako salama. Cha kuangalia ni mwendo. Kichwa kilichokuwa kinakwenda taratibu kikaanza kukimbia, hicho ndicho. Kliniki uzito hupimwa kila ziara. Kichwa aghalabu hakipimwi mpaka mtu aombe. Omba, na uandikiwe.

Dalili nyingine ni utosi uliojaa na kukaza hata mtoto akiwa ameketishwa na hajalia, mishipa ya kichwani kuonekana wazi chini ya ngozi, ngozi ya kichwa kung'aa, kutapika, kulala kupita kiasi, kukataa titi. Na ile inayowatisha watu zaidi: macho huelekea chini, weupe ukaonekana juu ya mboni, kama jua linapotua. Mtoto si kwamba anaona viumbe. Maji yanaibana sehemu ya ubongo inayoinua macho.

Nayasema haya nikijua vizuri yanayopita katika nyumba zetu. Mtoto wa macho yale hupelekwa kwanza kwa mganga. Ramli hupigwa, chale huchanjwa, kombe hunywewa, hirizi hufungwa. Wengine hufungwa kichwa kwa leso ili kisikue, au kukandwa kwa mafuta asubuhi na jioni. Kisomo sikipingi, na sitakipinga, ni kinga yetu. Lakini kisomo hakimzuii mtu kwenda kupigwa picha siku hiyo hiyo. Watu wazima wetu wakiugua shinikizo la damu husomewa na hunywa vidonge, na hakuna aliyeona dosari. Chale kwenye kichwa kilichojaa maji ni jambo jingine. Hiyo ni mlango wa usaha. Kufunga na kukanda nako hakupunguzi hata tone, ila kunaongeza kubana kule ndani.

Halafu kuna lawama. Kijana yule aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mashangazi zake wameanza kumwangalia mkewe vibaya, "kizazi chao kina mambo". Sikumficha. Sababu za Dandy-Walker ni nyingi. Wapo watoto wenye kasoro katika kromosomu, wapo wenye hitilafu katika jeni fulani, na wapo ambao mama alipatwa na rubela mimba ikiwa changa au alitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa wengi hakuna linalopatikana. Mama hakula kibaya, hakuogopeshwa na paka, hakupita pabaya magharibi.

Na ndoa za binamu? Hili kwetu ni la kweli, tusilipite kimya. Zipo kasoro adimu za kurithi ambamo Dandy-Walker ni sehemu yake, na hizo hutokea zaidi wazazi wakiwa damu moja, kwa kuwa mtoto hurithi jeni ile ile yenye hitilafu kwa baba na kwa mama. Angalia: kwa baba na kwa mama, wote wawili. Katika hali hiyo uwezekano wa kurudi ni mmoja katika mimba nne. Lakini kama mtoto ana kasoro ya kisogo peke yake, bila hitilafu ya kromosomu na bila kasoro nyingine mwilini, uwezekano wa mimba inayofuata kuwa hivyo hukadiriwa kuwa baina ya 1 na 5 kwa mia. Kwa maneno mengine, zaidi ya mara tisini na tano kati ya mia mtoto anayefuata hana shida hii. Mtu asiachwe kwa hesabu kama hiyo.

Vidonge vya foliki wanavyopewa waja wazito hukinga mgongo wazi. Vinywewe, tena ni bora kuanza kabla ya mimba. Ila mama aliyevinywa na akapata mtoto wa Dandy-Walker asijione alidanganywa, kwani hizi ni kasoro mbili mbalimbali. Ultrasaundi ya mimba ya wiki 20 hivi yaweza kuionyesha. Kabla ya wiki 18 kile kipande cha katikati bado kinajifunga hata kwa watoto wazima, kwa hivyo mama aliyetishwa na picha ya mapema arudie picha kwanza.

Tuje kwenye kisu, ambacho ndicho kilichomfanya kijana asilale.

Hakuna upasuaji unaorudisha kipande kisichoumbika. Hilo lieleweke tangu mwanzo, ili mtu asije akalipa kwa matarajio yasiyokuwapo. Upasuaji ni wa maji. Na kama maji hayajazidi, kama futi inaonyesha kichwa kinakwenda mwendo wake, aghalabu mtoto hapasuliwi; hufuatiliwa tu.

Zamani madaktari walijaribu kufungua kisogo na kuukata utando wa kile kifuko. Watoto wengi walikufa, na waliopona wengi wao maji yalirudi. Njia iliyoshika ikawa ni ya mpira. Kijimpira chembamba hutiwa kwenye chumba cha maji, hupitishwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, mpaka tumboni, na maji yakimwagika tumboni mwili huyafyonza. Katikati yake kuna vali inayofunguka maji yakikaza na kufunga yakipungua. Huu huitwa shanti. Vali nzuri za mwanzo zina kisa chake. Mwaka 1956 ilianza kutumika ile ya John Holter, fundi wa mitambo wa Marekani ambaye mwanawe alizaliwa na mgongo wazi na maji kichwani. Miaka michache baadaye mwandishi wa hadithi za watoto, Roald Dahl, ambaye mwanawe mchanga aligongwa na teksi New York mwaka 1960 na shanti yake ikawa inaziba kila mara, alikaa na fundi Stanley Wade na daktari Kenneth Till wakabuni nyingine. Akina baba wawili hawa walikataa kuambiwa ngojeni.

Kwa Dandy-Walker daktari ana swali la ziada: mpira utiwe wapi? Kwenye vyumba vya juu, kwenye kifuko cha kisogoni, au kote kuwili? Jibu linategemea kile kijifereji cha kati. Kikiwa wazi, na kwa wengi huwa wazi, maji ya juu na ya chini ni mamoja na mpira mmoja watosha. Kikiwa kimeziba na ukatoa maji ya juu peke yake, kifuko cha chini kitausukuma ubongo juu, na hiyo ni hatari kubwa. Kwa hivyo mzazi ana haki ya kuuliza, "Daktari, njia ya katikati iko wazi?" Swali hilo halimuudhi daktari mzuri.

Shanti inaokoa maisha, na nawajua watu wazima wanaotembea nayo. Lakini inaziba na inaingia vijidudu. Tafiti kubwa za ng'ambo zimeonyesha kwamba kama shanti nne katika kila kumi huharibika ndani ya mwaka wa kwanza. Bei si kinga. Mwaka 2005 ilichapishwa hesabu ya watoto 195 wa Uganda iliyolinganisha shanti ya Kihindi ya dola 35 na ya Kimarekani ya dola 650, na baada ya mwaka mmoja matokeo hayakutofautiana. Mzazi anayeambiwa atafute ile ya ghali kwanza ndipo mtoto apasuliwe, na aulize mara mbili.

Shanti ikiziba, mtoto anaweza kuwa na saa chache tu, labda siku moja au mbili. Sasa fikiria mtoto wa Kizingitini. Boti mpaka Lamu, boti tena mpaka Mokowe, kisha gari kupitia Garsen na Malindi mpaka Mombasa, na huko kama daktari wa ubongo yuko zamu. Kwa mtoto wa Boston kuziba kwa shanti ni usiku mmoja mbaya. Kwa huyu wetu inaweza kuwa mwisho.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomsukuma Benjamin Warf, daktari wa Marekani aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, si mbali na mpaka wa Malaba. Yeye na wenzake, akiwemo daktari Mganda John Mugamba, walianza kuepuka mpira. Wanaingiza kamera nyembamba inayopinda kupitia pembeni mwa utosi mpaka chumba cha tatu, na kwenye sakafu ya chumba hicho, pale utando ulipo mwembamba, wanatoboa tundu la milimita chache. Maji yanapata njia mpya ya kutokea moja kwa moja. Kutoboa tundu si jambo jipya, lilifanywa mara ya kwanza kwa kamera mwaka 1923, ila kwa watoto wachanga peke yake lilikuwa likifeli sana. Walichoongeza Mbale ni kupita na kamera ile ile vyumba vya kulia na kushoto na kuvichoma kwa umeme vile vinyama kama mwani. Ukirudi kwenye birika letu: wamefungua tundu jipya na kuubana mfereji kidogo. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2005, na leo madaktari wa Marekani wanatumia njia iliyokomazwa Afrika Mashariki. Husikii hilo likitajwa sana, nami naliona ni jambo la kujivunia.

Kwa Dandy-Walker hasa, kikosi hicho kilichapisha mwaka 2011 habari za watoto 45 wa kasoro hii na jamaa zake waliotibiwa hivyo. Kiasi cha robo tatu hawakuhitaji shanti. Wachache sana walikutwa kile kijifereji cha kati kimeziba, na hakuna aliyehitaji mpira wa kisogoni. Nisiseme njia hii ni bora kwa kila kitu. Jaribio lililofanywa Mbale na kuchapishwa 2017, la watoto 100 ambao maji yao yalitokana na maambukizi, liligawa nusu shanti na nusu njia ya kamera, na baada ya mwaka akili za makundi mawili zilikuwa sawa. Faida kubwa ni kutotegemea mpira unaoziba.

Hapa Kenya watoto hawa hupasuliwa Kenyatta na Hospitali ya AIC Kijabe kule Kiambu, ambako kazi hii imefanywa miaka mingi. Mtu wa Pwani huanzia kwa rufaa ya Makadara. Si kila mahali kuna kamera, na shanti inayopatikana wiki hii ni bora kuliko kamera ya miezi mitatu ijayo. Kuhusu gharama, mtoto asajiliwe SHA mapema pamoja na wazazi wake, na mzazi aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hajaanza kuuza kitu. Familia ya kijana wetu ilikuwa tayari kuuza cherehani ya mama, ambayo ndiyo inayowalisha.

Na ile picha ya grupu. Niliomba ifutwe, na baada ya maneno ikafutwa. Mchango unaweza kuchangwa kwa jina la baba na barua ya hospitali. Mtoto yule inshallah atakua, ataingia madrasa, na picha ile ingekuwa bado inazunguka kwenye simu za watu. Naandika haya akiwa wodini, ameshapasuliwa, na futi haijaongezeka kwa wiki mbili.

Atakuwaje? Kila mtu ananiuliza hilo, na jibu la haki ni kwamba watoto wa Dandy-Walker hutofautiana mno. Kasoro ikiwa ya kisogo tu, kile kipande cha katikati kikiwa kidogo lakini mikunjo yake ni ya kawaida, na maji yakishughulikiwa mapema, wengi huwa na akili zao timamu, wakasoma na watoto wengine. Pakiwa na kasoro nyingine, kwa mfano kukosekana kwa daraja linalounga ubongo wa kulia na wa kushoto, au ugonjwa wa kromosomu, mambo huwa mazito zaidi. Wengi huchelewa kukaa na kutembea kwa sababu ya mizani, na wengine hupata kifafa. Mazoezi ya viungo yaanze mapema, yasingoje mtoto afikishe miaka miwili ndipo watu washtuke.

Akirudi nyumbani, mzazi aangalie homa, kidonda kinachovuja maji maangavu, utosi unaokaza tena, kutapika na usingizi usio wa kawaida. Lolote katika hayo ni safari ya hospitali usiku huo huo. Kwa njia ya kamera, tundu likijifunga aghalabu hujifunga ndani ya miezi sita ya mwanzo, basi miezi hiyo kichwa kipimwe kila wiki, siku ile ile, na mtu yule yule, na nambari iandikwe. Kliniki za marudio zisirukwe kwa kuwa mtoto anacheka. Na aliyetiwa shanti, familia itembee na karatasi inayosema imetiwa lini, wapi, na ya aina gani, kwa sababu daktari wa zamu ya usiku hatakuwa yule aliyempasua.